Nakuja Sasa Hivi

Mwenye steshenari anajua siri za mtaa kuliko sheikh, kuliko padri, kuliko hata yule muuguzi wa zahanati ambaye watu humsalimia kwa adabu iliyozidi kiasi. Barua ya kuomba ruhusa ya msiba ambao haujatokea naichapa mimi. Wasifu wa kijana mwenye uzoefu wa miaka mitano katika kazi aliyoisikia juzi, nauchapa mimi. Maombi ya talaka, mikataba ya kumuuzia mtu wa pili kiwanja kilekile, mashairi ya kumrudisha mpenzi aliyekwisha kuolewa, yote hupita kwenye kibodi yangu hapa Ngamiani, Tanga. Na kwa kuwa mteja amelipia ukurasa, sina maoni.

Tatizo ni skrini. Duka ni dogo, kaunta ni fupi, na meza ya kompyuta imekaa pembeni kiasi kwamba aliye kwenye foleni ana mahali pawili tu pa kutupia macho: kalenda ya mwaka juzi ukutani, au kompyuta. Hakuna anayetazama kalenda. Nami kazi yenyewe hainikalishi kitini. Nachapa mistari miwili, naitwa kwenye fotokopi kudurufu kitambulisho. Nachapa mingine miwili, naitwa kupiga picha ya paspoti. Kila ninapoinuka, siri ya mtu inabaki imeanikwa pale.

Mzee mmoja wa mtaa wa nyuma aliniletea barua ya kwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kumshtaki jirani yake kwa sababu ya bata. Bata wanaingia uani, bata wanakula mchicha, bata wanapiga kelele kabla ya adhana. Nilifika aya ya pili nikaitwa kwenye fotokopi. Kwenye foleni alisimama mtu na kitambulisho chake cha NIDA mkononi, ametulia, anasoma. Sikujua kuwa ndiye mwenye bata. Hakugomba. Alingoja nirudi, akaniinamia akasema kwa upole wote wa Kitanga, "Bwana, hapo penye bata watano, weka saba. Na huyo mkubwa wa kahawia si bata, ni bata mzinga, tena si wangu." Mzee mwenye barua alikuwa ametoka kunywa kahawa. Aliporudi alimkuta mshtakiwa amekalia kiti chake, anasaidia kunyoosha mashtaka.

Jioni ile, baada ya kufunga mlango na kuzima kila kitu kinachokula uniti isipokuwa kompyuta na taa moja, nikaamua kuweka skrinseva, ile picha inayoifunika skrini kompyuta isipoguswa kwa muda.

Windows bado inayo. Wameificha ndani ya mipangilio ya skrini ya kufungia, mahali ambapo mtu hafiki bila kupotea kwanza kwenye rangi na mapambo, lakini ipo, na orodha yake haina mengi: mapovu, utepe, mistari inayojipinda, picha zako mwenyewe, skrini tupu, na maandishi manene yanayozunguka. Nikachagua maandishi. Nilitaka yasomeke TAFADHALI USISOME BARUA ZA WATU, ila kisanduku cha kuandikia kilijaa kabla sijamaliza, na TAFADHALI USISOME peke yake, juu ya kaunta ya duka linalouza madaftari, niliona si tangazo zuri kibiashara. Nikaandika NAKUJA SASA HIVI, ahadi ambayo huku kwetu haijawahi kumbana mtu. Muda wa kusubiri nikauweka dakika moja, maana hawakubali pungufu ya hapo. Nikabonyeza kitufe cha kuonja. Maneno yakatokea, makubwa, ya dhahabu, yakizunguka gizani kwa madaha. Nikaitazama kazi yangu, nikazima, nikaenda nyumbani na kifua mbele.

Asubuhi haikuanza. Mchana haikuanza. Nikabonyeza tena kile kitufe cha kuonja: ikachungulia, ikarudi ndani.

Basi nikaanza kuipima. Na kupima skrinseva ni kazi ya ajabu, kwa sababu kipimo chenyewe ni kutofanya kitu. Unakaa, mikono mapajani, hugusi kibodi, hugusi mausi, unatazama. Jaribu hilo Ngamiani saa nne asubuhi. Ukiwa na kazi hadi jasho linadondokea karatasi za watu, hakuna anayekujali. Ukikunja mikono ukatazama skrini kwa dakika moja, mtaa mzima unaingiwa na wasiwasi. Mama wa vitumbua wa mlango wa pili alikuja kuniuliza nimefikwa na nini. Kijana wa bodaboda akataka kujua mkeka wangu umechanwa na timu gani. Dalali mmoja wa viwanja, ambaye hana kawaida ya kununua hata kalamu, akasimama nyuma yangu, akatazama ninachotazama, na naye akaanza kusubiri.

Ilipotimu sekunde ya hamsini na kitu, kwa hesabu ya saa ya ukutani, aliingia mtoto wa shule na shilingi mia, anataka karatasi mbili za mtihani. Nikainuka. Niliporudi nikaanza upya. Akaingia mwingine. Nimefanya biashara hii miaka mingi, nimetangaza kwa bango, nimetangaza kwenye magrupu ya WhatsApp, sijapata kuona njia ya kuvuta wateja inayoishinda hii ya kukaa kimya na kutotaka waje.

Zile mara chache ambazo dakika ilitimia bila mtu kuingia, ikapita ya pili, ikapita na ya tatu, barua ya mwalimu aliyekuwa anaomba uhamisho wa kumfuata mumewe ilibaki peupe, na kile kijiti cha maandishi kikikonyeza mwisho wa neno "familia". Dalali akasoma yote. Akasema, "Huyo mume hayuko Handeni."

Kila mtu ni daktari wa kompyuta isiyo yake. Bodaboda alisema virusi. Mwalimu wa sekondari alisema Windows yangu si halali, nayo inajua kuwa si halali, ndiyo maana ina kinyongo. Fundi wa simu wa ng'ambo ya barabara alisema ramu ni ndogo, kwa sauti ya mtu anayeuza ramu. Mpwa wangu, anayesoma mambo hayohayo chuoni Dar es Salaam, alinicheka kwenye simu.

"Mjomba, si ubonyeze tu kitufe cha Windows na herufi L ukiinuka? Inajifunga palepale."

Ni kweli, inajifunga palepale. Lakini kijana huyu hajawahi kuinuka kitini wakati fotokopi imetafuna cheti cha kuzaliwa cha mtu, mama mwenye mtoto mgongoni anadai chenji yake, na bwana harusi mtarajiwa anapiga simu kuuliza kadi zake zimefikia wapi huku kadi zenyewe hazijaanzwa. Mtu katika hali hiyo habonyezi L. Angekuwa na kichwa cha kukumbuka L, angekumbuka na chenji. Nilichotaka mimi ni kitu cha kukumbuka badala yangu.

Nikamwita fundi.

Fundi wetu ana dawa moja kwa magonjwa yote. Kompyuta nzito, atapiga Windows. Printa imegoma, atapiga Windows. Nina hakika ukimwambia jino linauma atakuuliza kama una flashi. Alisikiliza maelezo yangu yote kwa heshima, akakohoa, akasema, "Hii tupige Windows upya, bosi." Akalichomoa boksi, akalipakia kwenye bajaji, akaenda nalo kwenye kibanda chake.

Kesho yake aliniita nikashuhudie. Tukakaa kwenye mabenchi, yeye na mimi na vijana wake wawili, hatusemi. Dakika ikatimia: NAKUJA SASA HIVI, linazunguka kwa raha zake. Fundi akanitazama bila kusema neno, na kunyamaza kwake kulikuwa na risiti ndani yake. Nikamlipa nusu. Nusu nyingine nikasema nitaitoa nikiiona ikifanya hivyo dukani, maana biashara ni kuaminiana lakini duka langu ni mbali na kibanda chake kwa namna fulani ambayo sikuweza kuieleza.

Dukani haikuanza. Zaidi ya hapo, printa sasa ilikuwa hainijui, na fonti zangu zote za kadi za harusi, zile za mikia na maua nilizozikusanya tangu nifungue duka, zilikuwa zimekwenda na maji. Fundi alipokuja alikuna kidevu. "Kwangu inafanya kazi," akasema. "Duka lako lina kitu."

Mama wa vitumbua, aliyekuwa anasikiliza mlangoni, aliposikia neno hilo aliacha kugeuza vitumbua. Akashauri nifukize ubani, hasa upande wa kaskazini. Nikamwambia sisi watu wa Tanga tumesingiziwa mengi tayari, tusijiongezee na kompyuta.

Kabla hajaondoka fundi alinipa ushauri wa bure, ambao huwa ndio ghali. Alisema mambo ya skrinseva ni ushamba, yamepitwa na wakati, skrini za siku hizi haziihitaji. Maneno yale yaliniuma, nikaenda nayo nyumbani, na usiku nikaanza kusoma habari za huyu mgeni ninayemgombania.

Fundi hakukosea sana. Skrini za zamani, zile zenye kisogo kirefu, kioo chake kilipakwa kwa ndani unga wa fosfa unaong'aa ukipigwa na miale. Picha moja ikikaa mahali pamoja kwa muda mrefu, unga ule unachoka pale pale, na picha inabaki hata ukizima. Waliowahi kutumia mashine za kutolea pesa za zamani wanakumbuka: unatazama salio lako, na nyuma ya salio kwa mbali yanaonekana maneno ya "karibu" yasiyotoka. Ndipo Mmarekani mmoja, John Socha, aliyekuja kujulikana zaidi kwa programu ya Norton Commander, akachapisha katika jarida la Softalk la Desemba 1983 programu ndogo ya kompyuta ya IBM PC. Usipogusa kitu kwa dakika tatu, inazima skrini. Basi. Haina dhahabu, haina mzunguko, na kama dakika tatu hukuzipenda ilikupasa kuibadili programu yenyewe. Nililala chali nikitafakari. Mwaka 1983, kompyuta dhaifu kuliko simu niliyokuwa nimeishika, inahesabu dakika tatu na kutimiza. Ya kwangu imeshindwa moja.

Baadaye watu wakaona skrini nyeusi inachosha. Mwaka 1989 kampuni ya Berkeley Systems ikatoa programu iliyoitwa After Dark, na humo ndimo zilimotoka tosta, zile mashine za kubanikia mkate, zimeota mabawa, zinaruka usiku kucha na vipande vya mkate pembeni. Wamarekani walizipenda kiasi cha kuziuza kwenye fulana na tai. Mwaka 1994 kundi la muziki la Jefferson Airplane likafungua kesi, likidai tosta zenye mabawa zilikuwa tayari kwenye jalada la albamu yao ya mwaka 1973. Wakashindwa. Nawaza hakimu wetu wa mahakama ya mwanzo angefanya nini na shauri hilo. Nadhani angeomba kwanza aletewe tosta.

Na wapo waliotaka makubwa zaidi. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa skrinseva ya SETI@home. Kompyuta yako ikikosa kazi, inachambua mawimbi ya redio yaliyonaswa na darubini kubwa ya Arecibo huko Puerto Rico, ikitafuta dalili za viumbe wenye akili angani. Mamilioni ya watu waliiweka, na ilisambaza kazi hizo hadi Machi 2020. Kompyuta za watu, wenyewe wamekwenda kulala, zilikuwa zinatafuta nani yupo mbali ya nyota. Ya kwangu haikuweza kugundua kwamba mimi sipo kitini.

Kuhusu ushamba, nilikuwa na jibu, ila fundi hakuwepo kulisikia. Skrini bapa za leo kweli haziungui hivyo, ingawa zile za OLED zimeanza tena tabia ya kubaki na vivuli vya picha. Lakini mimi sikuwa nalinda skrini. Nilikuwa nalinda bata.

Mpwa aliona nimekasirika, akaacha kucheka, tukaanza kazi kwa simu. Mtu ambaye hajawahi kuongozwa kwa simu na kijana wa chuo kuandika amri kwenye lile dirisha jeusi hajui subira ni nini. "Andika powercfg, mjomba. Pi, o, dabliyu..." Nyuma yangu mteja anataka bahasha. "Acha nafasi. Halafu mkwaju." Mkwaju upi? "Unaoegemea mbele." Mbele ya nani? "Halafu requests." Ikakataa. Ikawa lazima dirisha lifunguliwe kwa cheo cha msimamizi, kana kwamba duka lina msimamizi mwingine. Tukaanza upya.

Amri ile, ikikubali, inataja majina ya wanaoizuia kompyuta kupumzika. Juu kabisa, penye neno DISPLAY, palikuwa na jina la Chrome, inacheza video. Mpwa akauliza ninatazama nini saa za kazi. Sikuwa natazama, nilikuwa nasikiliza. Asubuhi ninapofungua duka huwa naweka taarabu YouTube, zile zilizorekodiwa harusi nzima, saa mbili bila kupumua, halafu ninafunika nusu yake na barua za watu. Kumbe video ikicheza, hata ikiwa imefunikwa nusu, Windows inaambiwa isizime skrini wala isianzishe chochote, kuna mtu anatazama. Ni jambo la busara. Nani anataka NAKUJA SASA HIVI katikati ya fainali?

Nikazima taarabu. Duka likawa kimya, na hapo nikagundua kuwa nusu ya wateja wangu walikuwa hawaji kwa ajili ya fotokopi. Mama mmoja alisimama kizingitini, akauliza kuna msiba wa nani, akaondoka na karatasi zake. Tukarudia amri. DISPLAY: hakuna mtu. Tukaingia hadi kwenye rejista ya Windows, tukakuta ScreenSaveActive ina 1, ScreenSaveTimeOut ina 60, yaani sekunde sitini, kila kitu mahali pake. Nikakaa, mikono mapajani. Sekunde sitini zikapita. Nikachungulia skrini, skrini ikanichungulia.

Mpwa akasema ana mtihani.

Sababu ilivyojulikana, hakuna aliyeigundua. Siku ya Ijumaa, jua la Tanga limesimama utosini, umeme ulikatika. Nikatoka mlangoni na wenzangu wote kuulizana lile swali la taifa: ni kote au kwetu tu? Ndani, UPS ilikuwa inalia pii, pii, ikinikumbusha niokoe barua za watu kabla betri haijafa. Nikabishana kidogo na bodaboda kuhusu mpaka wa laini ya umeme unapoishia. Nilipogeuka kuingia, gizani mle ndani, dhahabu tupu: NAKUJA SASA HIVI. Linazunguka. Halichungulii na kukimbia, linazunguka limetulia.

Mama wa vitumbua aliliona kabla yangu. "Si nilisema?" akanong'ona. "Umeme ukiondoka, linatoka."

Nikampigia mpwa, mtihani au si mtihani. Akanyamaza kwa muda, kisha akauliza swali ambalo ndilo wanalolipiwa ada: "Mjomba, umeme ukikatika hapo dukani, nini kingine kinazimika?" Nikaanza kuorodhesha. Taa. Fotokopi. Friji la soda la jirani, ambalo linakula kwenye mita yangu. Feni.

"Feni iko wapi?"

Feni ni ya kusimama, ile inayogeuza shingo. Inaanzia kwenye kaunta kuwapuliza wateja, inapita meza ya kompyuta, inafika kwenye fotokopi inayochemka, inarudi. Na meza ya kompyuta ina kitambaa. Mama mkwe wangu alikifuma kwa mkono wake, maua na tausi, pindo zimening'inia pande zote, akakileta siku ya kufungua duka, na tangu siku hiyo hakijaondoka mezani isipokuwa kufuliwa. Mausi inakaa juu ya tausi.

Umeme uliporudi tulifanya jaribio. Nikawasha feni, nikafungua ukurasa mtupu, nikakitazama kile kijiti chembamba ambacho mausi hugeuka ikiwa juu ya maandishi. Feni ilipogeuza shingo na kufika mezani, pindo zikapepea, kitambaa kikavutika kiasi cha unyasi, na kijiti kikasogea. Kidogo sana, mtu hawezi kukiona asipojua anatafuta nini. Feni ikaenda. Ikarudi. Kikasogea. Sekunde chache, kikasogea. Hesabu ya sitini ilikuwa haifiki hata ishirini.

Mausi za zamani, zile zenye kipira tumboni, zisingefanya haya. Kile kipira kizito kingemngoja mtu. Hizi za sasa zina taa na kamera ndogo chini, zinapiga picha ya meza bila kukoma na kulinganisha picha na picha. Microsoft ilipotoa ya kwake mwaka 1999, ilikuwa ikipiga picha 1,500 kwa sekunde. Picha elfu na mia tano za tausi wa mama mkwe, kila sekunde, na tausi anatikisika. Mausi inaripoti: kuna mwendo. Windows inapokea: mtu yupo. Haiulizi ameandika nini. Kwake yeye mtu ni mguso, na mguso wa mwisho umetokea sasa hivi.

Nikafikiria kuhusu kile kibanda cha fundi. Hana feni, hana kitambaa, ana ubao mtupu wenye madoa ya risasi ya kuchomelea. Ndiyo maana kwake ilifanya kazi. Na jioni ile ya kwanza, nilipoionja ikazunguka vizuri, nilikuwa nimezima feni ili kuokoa uniti.

Nilipomweleza mke wangu alicheka hadi akakaa. Akasema kwa hiyo muda wote huu, nilipokuwa nje kwenye kahawa, nilipokuwa msibani, nilipokuwa nimelala kwenye kaunta baada ya chakula cha mchana, kuna kitu kimoja duniani kilikuwa kinaamini kwa dhati kuwa mimi nachapa kazi. Sikuwa na la kujibu. Ila mpwa aliniambia huko Ulaya na Marekani watu wanaofanyia kazi nyumbani hununua vijimashine vya kutikisa mausi ili kompyuta ya ofisi isiripoti kuwa wamekwenda kupika, na wapo waliofukuzwa kazi walipobainika. Nimemwambia awaulize kama wangependa kitambaa cha Tanga. Mama mkwe anaweza kufuma viwili kwa mwezi, feni watanunua hukohuko, na hakuna mwajiri atakayekamata programu yoyote kwa sababu programu haipo, kuna tausi na upepo.

Kukitoa kitambaa halikuwa jambo la kuzungumza. Kuzima feni Tanga, mwezi wenyewe wa Februari, pia halikuwa jambo la kuzungumza. Nikachukua jalada gumu la kaunta buku lililokwisha, nikalilaza juu ya tausi, mausi juu yake. Pindo zinapepea zinavyotaka, jalada halisogei. Sekunde sitini, dhahabu.

Sasa inaanza mno. Mteja ananisomea mwandiko wa babu yake, tunabishana kama neno ni "shamba" au "shambulio", dakika inapita, na kabla hatujaafikiana skrini inatangaza kuwa nakuja, nami nimekaa hapohapo. Wazee wengine huchukulia kuwa ni maneno ya kweli, wakaenda kukaa nje kunisubiri. Nikaongeza sharti la kudai nywila inaporudi, maana bila hilo mtu anagusa tu mausi na siri zote zinamwagika. Basi siku nzima naandika nywila, huku dalali akitazama vidole vyangu. Nimepandisha muda kuwa dakika tatu, zilezile za John Socha. Kisanduku cha muda kinaruhusu hadi dakika 9,999, karibu wiki nzima ya kusubiri, na ningependa kukutana na huyo aliyeona inafaa.

Fundi alipita juzi. Alisimama mlangoni akaiona inazunguka, akatabasamu, akaingia, akavuta kiti mahali feni inapofika.

"Unaona bosi?" akasema. "Windows ikipigwa vizuri, inakaa kwanza, halafu inashika."

Mama wa vitumbua alikuwa anasikiliza. Wateja walikuwa wanasikiliza. Nikapima kumweleza habari za tausi, za pindo na kamera ya mausi, nikaona foleni ilivyo ndefu na fotokopi ilivyoanza kutafuna karatasi ya mtu. Nikafungua droo, nikampa nusu yake iliyobaki.

Akahesabu, akaikunja, akaniuliza na ile printa tumeifikiria vipi.